Taa za Manjano za Gari la Mokowe



Tunajua wako watakaotucheka. Katika kisiwa ambacho mizigo yake hubebwa na punda na mahamali, na ambacho vichochoro vyake vingine havipitishi watu wawili bega kwa bega, safu hii imeamua wiki hii kuzungumzia gari. Lakini zipo nyumba za Mkomani na Langoni, na za Shela na Matondoni, hata za Pate na Faza, zenye gari lao, ila gari lenyewe halionekani mlangoni. Liko ng'ambo, Mokowe, limeegeshwa si mbali na jeti, chini ya jua na upepo wa chumvi, likingoja siku ya hospitali ya Mombasa, ya mazishi ya Malindi au ya harusi ya Witu. Punda akiumwa tunamwona akichechemea kila anapopita baraza. Gari likiumwa hatujui mpaka siku tunayolihitaji.

Mwezi uliopita alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyefiwa na mumewe na ambaye eda yake imekwisha. Marehemu ameacha wana wawili ambao bado ni wadogo, nyumba ya urithi wa pamoja na nduguze, na gari, Toyota Corolla ya otomatiki yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Gari hilo lilikuwa likiendeshwa na mpwa wa marehemu, na kodi yake ndiyo iliyokuwa ikilipa ada ya shule. Mama akatueleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: "Wanangu, fundi asema giaboksi imekufa. Ataka shilingi 70,000 aweke nyingine, na kazi yake mbali. Shemeji asema tuliuze lilivyo, na mnunuzi tayari yupo." Tulipomuuliza bei ya huyo mnunuzi, alinyamaza kidogo kabla ya kuitaja. Ilikuwa bei ya vyuma chakavu.

Tunapenda ieleweke kwa nini jambo hili halikuwa la kupuuzwa. Gari lile si la mama peke yake. Wana wale wawili wana fungu lao ndani yake, nalo ni mali ya yatima, ambayo haiuzwi kwa pupa kwa sababu tu watu wazima wamechoka na kelele zake. Tukamwomba mama asitie saini karatasi yoyote mpaka Jumamosi. Siku hiyo tukavuka na boti ya asubuhi pamoja na yule mpwa, na huko Mokowe tukakutana na fundi wa umeme wa magari kutoka Mpeketoni, mtu mzima asiyesema sana, aliyekuja na kipimo cha umeme, spana chache, na kile kikompyuta kidogo cha kusoma maradhi ya gari.

Kijana alitueleza dalili. Taa ya injini, ile ya manjano yenye umbo la injini, ilikuwa inawaka siku zote. Taa ya O/D OFF, ambayo katika magari ya aina hii hukaa kwenye dashibodi karibu na alama za gia, ilikuwa ikipepesa yenyewe bila mtu kugusa kitufe chake. Taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka na kuzimika, hasa usiku. Ukitoa gia kwenye P na kuitia D, gari lilishtuka kama lililopigwa kwa nyuma. Na barabarani lilikuwa zito kuondoka, likinguruma sana, halibadilishi gia hata moja.

Fundi wetu hakufungua boneti. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akaingiza ufunguo, akauzungusha hatua moja kabla ya kuwasha injini, akaitazama dashibodi kimya. Halafu akamwita kijana: "Mwanangu, hesabu taa."

Hapa tunaomba kila mwenye gari atusikilize vizuri. Ufunguo ukiwa katika hatua hiyo, gari hujijaribu lenyewe, na taa zake za onyo zote hapana budi ziwake pamoja: ya injini, ya oili, ya betri, ya breki, ya ABS ikiwa ipo, ya mifuko ya hewa. Baada ya injini kuwaka huzimika moja baada ya nyingine. Taa iliyobaki inawaka ina lake la kusema. Lakini taa isiyowaka kabisa katika jaribio hilo inatisha zaidi, kwa kuwa ni shahidi aliyezibwa mdomo. Katika gari la marehemu, taa zote ziliwaka isipokuwa moja. Taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika linalodondosha tone, ilikuwa giza.

Kijana aliinamisha kichwa. Akasema kuwa mwaka uliopita taa hiyo ilikuwa ikimulika kwenye kona, abiria wakawa wanauliza maswali, na gereji moja njiani ikamtolea balbu ili "isiwatie watu wasiwasi". Fundi akashuka, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya mwisho. Taa ile ilikuwa ikisema kweli tangu mwaka jana: gari likipinda, oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, shinikizo likashuka. Kama injini haikufa ni kwa rehema ya Mola tu.

Zipo rangi mbili ambazo hata mtoto wa chuoni anaweza kuzijua. Nyekundu maana yake simama sasa hivi, pahali pa salama, uzime injini. Hivyo ndivyo ilivyo kwa taa ya oili na ya joto la injini. Taa ya betri ni nyekundu pia, nayo haikuui papo hapo, lakini yakueleza kuwa alteneta haitii tena umeme, au mkanda wake umekatika. Na katika baadhi ya magari mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, basi mwenye kuipuuza huishia na injini iliyochemka. Taa nyekundu ya breki huwaka kwa breki ya mkono iliyosahauliwa, lakini pia huwaka pale mafuta ya breki yanapopungua. Na mara nyingi hupungua kwa sababu vibao vya breki vimelika, nayo mafuta yameshuka kwenye kikopo kufuata pistoni. Anayeongeza mafuta na kufunga kifuniko bila kuvitazama vibao vyenyewe amejidanganya.

Manjano ni neno jingine. Maana yake ni kuwa gari limeona kasoro, safari yaweza kuendelea kwa utaratibu, ila tafuta fundi karibuni. Isipokuwa taa ya injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tuli. Hapo kuna silinda isiyochoma sawasawa, na petroli mbichi inaingia kwenye bomba la moshi na kuharibu kichujio chake. Punguza mwendo mara moja, na usimame upatapo nafasi.

Turudi Mokowe. Baada ya oili kuongezwa mpaka alama ya juu, sote tukaona jambo ambalo hata asiye fundi angeliona. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe uliochanganyika na rangi ya buluu. Waya wa athi, yaani ule unaofunga upande hasi wa betri na bodi ya gari pamoja na giaboksi, ulikuwa umeliwa na kutu hata nyuzi zake kadhaa zimekatika. Chumvi ya bahari imefanya kazi yake miezi na miezi, gari limekaa bila kuwashwa, kisha likawashwa kwa safari ndefu, kisha likakaa tena.

Fundi akapima. Betri ikiwa imepumzika ilikuwa na volti 12.1, na nzima iliyojaa haipungui 12.6. Injini ilipowashwa, kwenye alteneta yenyewe alipata volti 14.2, ambazo ni sawa, kwani kawaida ni kati ya 13.8 na 14.5. Lakini kwenye vichwa vya betri alipata 12.7 tu. Kwa hivyo alteneta ilikuwa inazalisha, ila umeme wake unapotelea njiani. "Ndia imekatika," akasema, "na mukiangalia shamba mutaona mimea inakauka, mukalaumu mvua."

Jambo hili lahusu giaboksi kuliko watu wanavyodhani. Giaboksi ya otomatiki ya miaka hiyo haibadilishi gia kwa mkono wa mtu. Kompyuta husoma mwendo wa gari na mkanyago wa mafuta, kisha hutuma umeme kwa vizibo vidogo vinavyoitwa solenoidi, navyo hufungua na kufunga njia za oili, na shinikizo la oili ndilo linalokamata gia. Umeme ukiwa dhaifu au ukikatikakatika, solenoidi hazisikii amri vizuri. Kompyuta ikiona hivyo huingia katika hali ya kujikinga: huzuia kubadilisha gia, hung'ang'ania gia moja ya kati, na kupepesa taa ya O/D OFF ili dereva ajue. Ndiyo maana gari lile lilikuwa zito kuondoka. Halikuwa limekufa.

Kile kikompyuta kilipochomekwa chini ya usukani kilitoa maneno mawili: volti ya mfumo iko chini, na kasoro ya umeme katika njia ya solenoidi ya kubadilisha gia. Fundi wa kwanza naye alikuwa amesoma neno hilo la pili, akalitafsiri kuwa giaboksi ibadilishwe. Hatumtuhumu kwa uongo. Ni kosa la mafundi wengi, na la wenye magari pia, kudhani kuwa namba ya kompyuta yataja kifaa kilichokufa. Namba hutaja upande ambao malalamiko yametoka. Kumjua mgonjwa ni nani hasa, waya, plagi, solenoidi au giaboksi yenyewe, ni kazi ya macho na kipimo.

Kwa hivyo kazi ikaanza na vitu vidogo. Waya wa hasi ulitolewa kwanza, kisha wa chanya. Vichwa vikaoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, na povu lake likatutoa kicheko kama watoto. Vikakaushwa, vikasuguliwa mpaka viking'aa, vikafungwa tena, chanya kwanza na hasi mwisho, na juu yake vikapakwa vaselini kuzuia chumvi isirudi. Waya wa athi ukawekwa mpya. Kisha fundi akajilaza chini ya gari, akaifungua plagi ya waya ziendazo kwenye giaboksi, akatuonyesha sindano zake za shaba zilivyofanya ukungu wa kijani. Alizisafisha moja moja, taratibu, kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Sisi tulikuwa tumekwisha kunywa vikombe viwili vya kahawa.

Ikabaki oili ya giaboksi. Tunaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Haipimwi gari likiwa baridi na limezimwa kama ile ya injini. Katika Toyota nyingi za zamani zenye kijiti chake, gari huendeshwa kwanza hata oili ipate moto, likaegeshwa pahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa, na injini ikaachwa inawaka. Mguu ukiwa kwenye breki, gia hupitishwa pole pole katika kila alama, kutoka P mpaka L, kisha ikarudishwa P. Ndipo kijiti huvutwa, kikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kikarudishwa na kuvutwa mara ya pili. Oili iwe katika sehemu iliyoandikwa HOT, isipungue na isizidi, kwani iliyozidi hutoa povu na kuleta matatizo yaleyale ya iliyopungua.

Kisha itazameni na kuinusa. Mpya huwa nyekundu kama sharubati ya ukwaju uliotiwa rangi. Ikigeuka kahawia imezeeka, nayo yaweza kubadilishwa. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, klachi za ndani zimekwisha kuchomeka, na hapo maneno ya giaboksi mpya ni ya kweli. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya radieta yameingia, na gari lisiwashwe tena mpaka litengenezwe. Ya marehemu ilikuwa kahawia, imepungua kidogo, haina harufu ya kuungua. Sote tukasema alhamdulillahi kwa pamoja.

Fundi akafungua nati ya chini, ikatoka lita tatu hivi, naye akarudisha kiasi kilekile cha oili aina ya T-IV iliyotajwa na watengenezaji wa gari hilo. Tulimuuliza kwa nini asiisukume yote nje kwa mashine, kama wanavyofanya baadhi ya gereji za mjini. Akasema gari lililokaa miaka bila kubadilishiwa oili huhurumiwa: hubadilishiwa kidogo kidogo, mara mbili au tatu, baada ya safari kadhaa. Tukaona neno lake lina busara. Akaongeza kuwa oili ya giaboksi zisizo na gia, zile ziitwazo CVT, ni aina nyingine kabisa, na mwenye kutia moja pahali pa nyingine amejinunulia msiba kwa mkono wake.

Jaribio lilifanyika kwenye barabara ya kwenda Hindi. Kutoka P kwenda D, gari lilikamata gia bila mshtuko, katika muda wa pumzi moja. Likapanda gia ya pili, ya tatu, na ya nne, na kijana akacheka peke yake kama aliyepata habari ya mtoto. Taa ya O/D OFF ilizimika na kukaa kimya. Taa ya oili ilitiwa balbu mpya kabla hatujaondoka, na fundi alimwapisha kijana kwa mzaha kuwa hataing'oa tena.

Hesabu yote, waya, balbu, oili mbili, vaselini na ujira wa fundi pamoja na nauli yake, haikufika hata sehemu ya tano ya zile shilingi 70,000.

Tungependa kuishia hapo, lakini gari kuukuu halina hadithi fupi. Baada ya siku nane taa ya injini iliwaka tena. Safari hii kompyuta ilitaja sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, ambayo huchoka kwa umri na kulifanya gari lile petroli zaidi. Si jambo la kulisimamisha gari, wala si la kuliacha. Mama ameliandika katika daftari lake la matumizi ya mwezi ujao.

Na ile nia ya kuuza haijafutika. Shemeji bado anaona gari kuukuu ni mzigo kwa mjane, na pengine ana haki. Tulichomwambia mama, mbele ya shemeji huyo na kwa heshima zote, ni mambo mawili. Bei sasa itafutwe upya, kwa gari linalotembea, na itafutwe kwa watu watatu au wanne, kwani nusu ya thamani ya gari isiyolipwa ni ada ya mwaka mzima ya mwana. Na mnunuzi aambiwe juu ya sensa, na juu ya oili ya injini iliyopungua kwa mwaka mzima bila mtu kujua, kwa kuwa injini iliyoonja ukavu yaweza kuwa na jeraha lisiloonekana leo. Shemeji alisema kuwa maneno hayo yatashusha bei. Ni kweli yatashusha. Lakini aibu ya bidhaa iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kuirudisha kwa sharia, na pesa hizo ni za watoto ambao hawajui hata kuisoma dashibodi. Shemeji hakujibu, ila hakutaja tena yule mnunuzi wa kwanza.

Jambo moja jingine tulilosahau kulisema, nalo limewahi kuwaghalimu watu wetu. Gari la otomatiki likizimika kati ya Mokowe na Witu, msikubali livutwe kwa kamba magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yakazunguka safari ndefu, giaboksi husagika bila oili, na gari lililokuwa na ubovu wa shilingi elfu tano hufika gereji na ubovu wa elfu sabini. Corolla na nyingi za aina yake huendeshwa na magurudumu ya mbele, basi la mbele liinuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori.

Kwa wenye magari yaliyolala Mokowe: mpeni kijana mwaminifu ufunguo, aliwashe gari kila wiki na kuliendesha angaa nusu saa, afungue boneti, ajaribu taa kabla ya kuwasha, na aosheshe vichwa vya betri kila baada ya miezi michache. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakufai. Betri hutumia kwa kuwasha zaidi ya inavyorudishiwa.

Juzi, Alhamisi, gari la marehemu liliondoka alfajiri na abiria wanne kwenda Mombasa, na jioni kijana akatupigia simu kutoka huko kusema wamefika salama. Msomaji wetu wa Kizingitini aliyeuliza kwa nini mashine ya boti yake haiingii gia ya kurudi nyuma, tumepata barua yake, na tutamjibu wiki ijayo, inshaAllah.